Unaivuta mbele, yenyewe inarudi nyuma

Kuna jaribio lililofanyika Innsbruck, nchini Austria, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Science. Kila nikifika kwenye mada ya kani na mwendo natamani ningeweza kuliweka mezani wanafunzi walione kwa macho yao. Atomi moja ya sesiamu, aina ya metali, imo ndani ya mstari wa atomi nyingine za sesiamu. Uvutano wa dunia unaivuta chini kwa kani isiyobadilika, isiyokoma wala kupungua. Atomi inaanza kushuka na mwendo wake unaongezeka, kama Newton alivyotufundisha. Halafu mwendo unapungua. Inasimama, inageuka, inapanda, kisha inashuka tena. Hakuna ukuta pale chini, hakuna springi, hakuna mkono wa mtu.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Moshi, na makala haya yametokana na swali. Tulikuwa tumemaliza sheria ya pili ya Newton, ubaoni bado kumeandikwa kwamba kani ni tungamo mara mchapuko, kijana mmoja wa kidato cha tano akanyoosha mkono. "Mwalimu, inawezekana kitu kikavutwa kwa kani ile ile muda wote na bado mwendo usizidi?" Nikamweleza habari ya tone la mvua: hewa inalipinga mpaka upinzani unalingana na uzito, na kuanzia hapo mwendo haubadiliki. Akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Namaanisha bila msuguano." Wenzake wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana swali lilikuwa limekaa sawasawa, na jibu lake ni ndiyo.

Ili jibu hilo lieleweke lazima tuanzie kwenye baridi. Asubuhi mawingu yakiwa bado hayajapanda, tukiwa mjini tunaiona barafu ya Kibo, na watu wa huku tunaihesabu kuwa ndiyo baridi yenyewe. Barafu ile ipo karibu nyuzi 260 juu ya sifuri kamili, lile jotoridi la nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi ambalo hakuna kitu kinachoweza kushuka zaidi yake. Gesi ninazozizungumzia hapa hupimwa kwa nanokelvini, yaani sehemu za bilioni za nyuzi moja juu ya sifuri hiyo. Safari ya kwenda huko huanza na leza. Mwanga una uwezo wa kusukuma, na leza ikirekebishwa vizuri, atomi inayoikimbilia hupigwa na fotoni (chembe za mwanga) nyingi kuliko atomi inayoikimbia, hivyo mwendo wake hupungua. Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1997 kwa kazi hiyo. Leza peke yake haifiki mwisho wa safari. Hatua inayofuata ni kuziachia atomi zenye nishati kubwa zitoke mtegoni. Zinazobaki hugongana, hugawana kile kidogo kilichobaki, jotoridi hushuka, kisha mtego hulegezwa tena ili nyingine zitoke. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman, kule Boulder, Colorado, walifika kwa njia hiyo kwenye hali ambayo Bose na Einstein waliitabiri mwaka 1924 na 1925: atomi za rubidiamu ziliacha kuwa kila moja kivyake, zikawa wimbi moja. Wolfgang Ketterle wa MIT alifanya hivyo kwa sodiamu mwaka huo huo, na mwaka 2001 wote watatu wakapata Nobel.

Gesi yenyewe ni nyepesi mno. Hewa tunayovuta hapa ina msongamano mkubwa kuliko gesi hiyo kwa zaidi ya mara laki moja, na lazima iwe hivyo, kwa sababu atomi hizo zikikaribiana zaidi zitashikana na kuwa kitu kigumu kabla mtu hajapima chochote.

Sasa tutengeneze mstari. Leza mbili zikielekezwa uso kwa uso hufanya wimbi lililosimama, na jozi mbili za namna hiyo zikikatana hulichana wingu la gesi kuwa maelfu ya mirija myembamba ya mwanga, kila mmoja na atomi zake. Ndani ya mrija atomi inaweza kwenda mbele au nyuma tu. Mtu anaweza kudhani mrija ni mwembamba kama atomi yenyewe, kumbe ni mpana kuliko atomi mara nyingi sana. Kinachoizuia ni kanuni ya kwantamu, fizikia ya vitu vidogo kama atomi: mtikisiko wa kwenda pembeni hauji kwa kiasi chochote unachotaka, unakuja kwa mafungu, na fungu la kwanza linadai nishati kubwa kuliko yote ambayo atomi hiyo inayo. Kwa hiyo mtikisiko wa pembeni haupo kabisa. Kati ya mielekeo mitatu ya dunia yetu, miwili imezimwa.

Darasani nilitumia gololi. Tulilaza rula mbili ndefu mezani, sambamba, zikiacha mfereji wa kutosha gololi moja. Gololi sita za kijani tukazipanga zigusane, ya saba tukaisukuma kutoka mbali. Tak! Ile ya saba ikasimama palepale, ile ya mwisho upande wa pili ikaondoka kwa mwendo karibu ule ule. Nikawapa kazi ya kuandika milinganyo miwili, wa momentamu na wa nishati, kwa vitu viwili vyenye tungamo sawa. Dakika chache tu, jibu likatoka kwenye kila daftari: vinabadilishana mwendo, basi. Kama ungeangalia namba za mwendo tu, usingejua kama gololi zimegongana au zimepitana bila kugusana.

Jambo hilo dogo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2006 Toshiya Kinoshita, Trevor Wenger na David Weiss, wa chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, walichukua atomi za rubidiamu kwenye mirija ya namna hiyo, wakazigawa makundi mawili, wakaziacha zigongane huku na huko. Gesi ya kawaida baada ya migongano michache tu ingekuwa imetulia, kila atomi na sehemu yake ya joto. Hizi zilipita maelfu ya migongano bila kutulia. Kwenye mstari atomi hupeana tu walichonacho wenzao, na hakuna mgawanyo mpya unaozaliwa.

Baada ya hapo tukatoa gololi moja ya kijani katikati, tukaweka nyekundu. Tukaziachia nafasi ndogo ndogo, tukasukuma tena. Pigo likapita mstari mzima mpaka mwisho, lakini ile nyekundu ilisogea kidogo tu, ikakaa kati ya jirani zake walewale. Binti mmoja aliyekuwa ameinama, macho sawa na meza, akasema: "Pigo limepita, rangi imebaki." Sijapata kuisikia kanuni hii ikisemwa vizuri zaidi. Mikhail Zvonarev, Vadim Cheianov na Thierry Giamarchi waliionyesha kwa hesabu mwaka 2007: katika mstari wa atomi zinazosukumana kwa nguvu, sauti hukimbia, lakini mgeni aliyewekwa kati yao husambaa polepole mno, mraba wa umbali wake ukikua kwa kufuata logarithimu ya muda. Muda ukiongezwa mara kumi, mraba huo unaongezewa kiasi kile kile tu, na ukiongezwa mara kumi tena, kiasi kile kile tena.

Gololi zinaishia hapo. Ukiinamisha meza zote zinaserereka, hakuna itakayogeuka na kupanda. Kuanzia hapa lazima tuingie kwenye kwantamu yenyewe, na mimi naona hapa ndipo penye utamu wote.

Kwanza fikiria mgeni ndani ya gesi ya kawaida, yenye mielekeo yote mitatu. Mwaka 1933 Lev Landau aliwaza juu ya elektroni ndani ya fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomi zake zimekaa kwa mpangilio: elektroni inavuta na kusukuma atomi za pembeni yake, na popote iendapo inakwenda na mchafuko huo. Kitu hicho, elektroni pamoja na mzigo wake, leo kinaitwa polaroni. Ni kizito kuliko elektroni tupu, lakini bado ni kitu kimoja kinachojitegemea. Kivute, kitaongeza mwendo. Mgeni ndani ya gesi baridi yenye nafasi pande zote naye ni hivyo hivyo, anakuwa mzito zaidi na bado ni yuleyule, maana njia ya kuzunguka ipo kila wakati. Kwenye mstari njia hiyo haipo. Akitaka kusogea hatua moja, lazima wa mbele yake wasogee, na wa mbele yao pia. Basi swali la kujiuliza linakuwa hili: momentamu tunayoimimina kwa kuvuta, inakaa kwa nani?

Haya ndiyo niliyomwandikia yule kijana ubaoni, na msomaji mwenye kalamu anaweza kuyafuata.

Chukua mstari wenye urefu L, unganisha ncha zake uwe duara. Ndani yake kuna atomi N. Kanuni ya kwantamu inasema kwamba atomi kwenye duara hairuhusiwi momentamu yoyote tu, inaruhusiwa mafungu ya h/L, ambapo h ni namba ya Planck. Sasa ipe kila atomi fungu moja, lile dogo kuliko yote. Momentamu ya wote kwa pamoja ni Nh/L. Lakini N/L ndiyo msongamano, idadi ya atomi kwa kila mita, tuuite n. Kwa hiyo jumla ni hn. Angalia vizuri: L imetoweka. Mstari uwe mfupi au mrefu, kiasi hicho hakibadiliki mradi msongamano ni uleule.

Na nishati je? Kila atomi imepata h²/2mL². Zidisha kwa N, unapata nh²/2mL. Hapa L imebaki, tena imebaki chini ya mstari wa sehemu. Urefu ukiongezeka, nishati inakwenda sifuri.

Maana yake ni kwamba gesi ndefu iliyo kwenye mstari mmoja inaweza kupokea momentamu ya hn bila kudai nishati yoyote. Kwa hiyo ukichora grafu ya nishati ndogo kabisa ya gesi pamoja na mgeni wake dhidi ya momentamu ya wote, grafu haiwezi kupanda milele. Inapanda kutoka sifuri, inafika kileleni kwenye nusu ya hn, inateremka, na kwenye hn imerudi pale ilipoanzia. Halafu inaanza upya. Na mwendo wa mgeni ni mwinamo wa grafu hiyo. Grafu inapopanda, mgeni anakwenda mbele, kileleni anasimama, na inapoteremka anarudi nyuma.

Jaribu hesabu ile ile kwenye gesi yenye mielekeo mitatu. Hapo N ni nL³, hivyo Nh/L inakuwa nhL², kiasi kinachokua bila kikomo kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa. Grafu haijirudii kamwe. Hata kwenye bapa la mielekeo miwili inabaki L moja juu, na kujirudia kunakosekana. Ni mstari peke yake unaotoa jibu lenye kikomo. Nimekuwa nikiitazama hesabu hii kwa miaka na bado inanisisimua, kwa sababu inakaa kwenye robo ya ubao na haihitaji chochote asichokijua mwanafunzi wa kidato cha sita.

Newton hajavunjwa. Kani bado ni kasi ya mabadiliko ya momentamu, na ukivuta kwa kani F kwa muda t, momentamu ya mfumo mzima imeongezeka kwa Ft bila kupungua hata chembe. Kilichovunjika ni mazoea yetu ya kuandika momentamu kuwa tungamo mara mwendo na kudhani kwamba yote ni mali ya yule anayevutwa. Mgeni anapofika kileleni anaikabidhi gesi nzima, na gesi ni ndefu kiasi kwamba inaipokea bila kuonekana kusogea.

Tuweke namba. Chukua atomi 5 kwa kila maikromita, mgeni wa sesiamu, na kani iwe theluthi moja ya uzito wake. Mzunguko mmoja unachukua hn/F, na jibu ni karibu milisekunde 4.6. Atomi huru iliyovutwa kwa kani hiyo kwa muda huo ingekuwa imeshuka maikromita 35 hivi na bado inazidisha mwendo. Mgeni wetu wakati huo amemaliza mzunguko na anaanza mwingine.

Wanaofahamu fizikia ya fuwele wataukumbuka mwendo wa Bloch: elektroni ndani ya fuwele kamili, ikivutwa kwa uga wa umeme usiobadilika, hucheza mbele na nyuma kwa sababu atomi za fuwele zimepangwa kwa nafasi sawa. Gesi haina mpangilio huo. Lakini Marvin Girardeau alionyesha mwaka 1960 kwamba atomi za aina ya bosoni, zile zinazokubali kukaa pamoja katika hali moja, zikisukumana kwa nguvu kwenye mstari huepukana kama zinavyoepukana fermioni, zile zisizokubali, na ule umbali wa wastani kati ya jirani na jirani ndio unaofanya kazi ya fuwele. Dimitri Gangardt na Alex Kamenev walitabiri mwaka 2009 kwamba mgeni ndani ya gesi ya namna hiyo angecheza mwendo wa Bloch bila fuwele. Kundi la Hanns-Christoph Nägerl wa Innsbruck ndilo lililouona, katika lile jaribio nililoanza nalo. Mirija yao ilisimama wima. Uga wa sumaku ulibeba uzito wa gesi ili isidondoke, kisha wimbi la redio likabadilisha hali ya ndani ya atomi chache, na katika hali hiyo mpya sumaku haikutosha tena kuzibeba. Gesi imetulia, mgeni anavutwa. Walisubiri muda fulani, wakafungua mtego, wakapiga picha ya kivuli cha wageni ili kusoma momentamu zao, wakarudia kwa muda mrefu kidogo zaidi, na zaidi. Kwa kuugeuza uga wa sumaku walibadilisha pia nguvu ya atomi kusukumana, jambo ambalo gesi hizi huruhusu kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Mwendo ule haukudumu. Mgeni akivutwa haraka anaacha mawimbi nyuma yake, mawimbi yanachukua nishati, na mchezo unafifia. Wananadharia wamebishana sana majaridani kuhusu ni katika mazingira gani hasa mchezo huo unaanza na lini unageuka kuwa mwendo wa kuteleza tu. Tungamo la mgeni na ukubwa wa kani vyote vinaingia kwenye jibu.

Majaribio mengine nitayataja kwa kifupi. Cambridge, mwaka 2009, waliziacha atomi ngeni zidondoke ndani ya gesi iliyo kwenye mirija, wakapima jinsi gesi inavyozipinga. Florence, mwaka 2012, waliweka atomi za potasiamu ndani ya gesi ya rubidiamu, wakaona mtikisiko wa atomi hizo ukipungua kadiri zilivyokamatana zaidi na gesi. Garching, mwaka 2013, kwa hadubini inayoona atomi moja moja, walimgeuza mgeni mmoja kwa leza na kumfuata akisambaa hatua kwa hatua kwenye safu yake.

Kuna utabiri mmoja ninaoupenda kuliko hayo yote. Mwaka 2012 Charles Mathy, Mikhail Zvonarev na Eugene Demler walipiga hesabu ya mgeni anayeingia kwenye mstari akiwa na mwendo uliozidi ule wa sauti ndani ya gesi hiyo. Unategemea apigwe breki mpaka asimame. Hesabu ikasema hapana: anapoteza sehemu ya mwendo, halafu anaendelea mbele kwa mwendo unaopanda na kushuka, na sehemu ya mwendo ule haiishi.

Yule kijana aliposikia haya aliniuliza kama mambo haya yanawahusu watu wa huku. Nikamwelekeza juu, Mweka. Erasto Mpemba alianza kuuliza akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, kwa nini maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa, akaendelea kuuliza. Mwaka 1969, akiwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, mlimani hapo juu ya mji wetu, makala yake na Denis Osborne wa Dar es Salaam ilichapishwa. Leo jina lake limo kwenye fizikia ya kwantamu: mwaka 2024 watafiti, tena wa Innsbruck, walichapisha jaribio la athari ya Mpemba ya kwantamu kwa kutumia ioni zilizopangwa mstari mmoja. Nami nasema wazi kwamba swali la kidato cha tano lisichukuliwe kwa wepesi. Karatasi nyingi za fani hii zinasomwa bure kwenye arXiv, hifadhi ya makala za sayansi mtandaoni, na kwa atomi tano au sita kwenye duara, kompyuta ya mkononi inatosha kuchora ile grafu inayopanda na kuteremka.

Wiki iliyofuata kijana alikuja na swali lingine: mgeni akiwa mzito sana, na gesi ikiwa na joto kidogo, msuguano utakuwa kiasi gani? Antonio Castro Neto na Matthew Fisher walilijibu mwaka 1996. Kwa kawaida, jotoridi likiwa dogo, msuguano kwenye mstari hufuata jotoridi likizidishwa lenyewe kwa lenyewe mara nne. Punguza jotoridi kuwa nusu, msuguano unakuwa moja ya kumi na sita. Na kuna mifumo michache ambayo hesabu yake hufunguka kikamilifu, mfano ule ambao J. B. McGuire aliutatua mwaka 1965, ya mgeni mwenye tungamo sawa na wenyeji wake. Humo mgeni na gesi hupitishana bila kurudishana, na msuguano huo wa kawaida unakuwa sifuri. Nilimwachia kazi ya kueleza kwa nini tungamo lazima ziwe sawa. Alianza na milinganyo miwili ya gololi.